Binti yangu anauliza Uchina iko nyuma ya mlima gani. Nimfundisheje dunia hapa nyumbani?

Fundi_Changombe

Habari za humu wadau.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani Chang'ombe, hapa hapa Dodoma mjini. Nina binti wa miaka minne na nusu. Baba yake yuko Geita kikazi, tunamwona mwisho wa mwezi akijaliwa. Chekechea wamefunga kwa likizo ya Juni, kwa hiyo kutwa nzima tuko wawili barazani: mimi nakanyaga cherehani, yeye ananikanyaga mimi kwa maswali.

Juzi kaja mteja kuchukua gauni lake, akajisifu kwamba kitambaa kimetoka Uchina. Alipoondoka, binti akasimama mlangoni, akautazama mlima wetu huu wa mawe, akaniuliza, "Mama, Uchina iko nyuma ya ule mlima?" Nikamwambia hapana, ni mbali zaidi. "Nyuma ya mlima gani sasa?" Nikamwambia siyo mlima, kuna bahari katikati. "Bahari ndo nini?" Nikasema maji mengi. Akafikiri kidogo. "Kama tenki la jirani lilivyopasuka?"

Nikasema ndiyo, kama lile, nikarudi kwenye pindo langu. Lakini iliniuma. Maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona huyu mtoto ni lita elfu moja zilizomwagika uani kwa jirani. Na mimi si wa kumcheka, jiografia yangu iliishia darasa la saba, na bahari nimeiona mara moja tu, tena msibani Tanga.

Kesho yake nikaenda Majengo nikanunua bango la ramani ya dunia, lile la kubandika ukutani. Akaliangalia weee, akaniuliza, "Hii ya pinki nani kamwaga?" Basi. Bango sasa limefunika ufa wa ukuta, ndiyo kazi yake.

Simu sitaki kumpa. Nikimpa ananyamaza kweli, ila nikija kumnyang'anya ni vita, na bando langu linakuwa limekwisha.

Ninachoomba: vitu vya kufanya kwa mikono, visivyonigharimu, ambavyo anaweza kuvifanya hapa miguuni pangu huku nashona. Sitaki kumkaririsha mabara. Nataka tu ajue kwamba nyuma ya mlima kuna watu.

Kibajaji

Mwambie Uchina iko nyuma ya Nala. Akifika Nala aulize tena 😂

BabaPacha

Dada, bila kukukwaza. Miaka minne na nusu mfundishe kushika penseli, kuhesabu mpaka ishirini, kusalimia wakubwa na kufunga viatu. Hiyo dunia ataikuta darasa la tatu huko. Tunawabebesha watoto mambo mazito halafu wanafika darasa la kwanza hata herufi *m* hawaijui. Wangu wawili nimewafundisha hivyo na wako vizuri.

Mwalimu_Mstaafu

Mwanangu Fundi, mimi nimefundisha madarasa ya awali miaka ishirini na sita, mingi Bahi, ya mwisho hapa mjini. Nakuandikia kirefu, shona huku unasoma.

Kwanza huyo mtoto hajakosea kuuliza. Anapima asichokijua kwa anachokijua, na anachokijua ni mlima. Aliyekosea ni wewe uliyemjibu "mbali". Kwake yeye mbali haina kipimo. Sokoni ni mbali na mbinguni ni mbali. Mpe kipimo. Mimi nilikuwa nawapimia kwa kulala. Kongwa unakwenda na kurudi hujalala. Geita unapanda basi alfajiri, unafika giza limeshaingia. Meli inayoleta makontena kutoka Uchina mpaka bandari ya Dar es Salaam, mabaharia wanalala humo ndani usiku baada ya usiku, wiki zinapita. Mwambie hivyo halafu umwache. Atakaa kimya anahesabu usiku, utaona.

Pili, usianze na Uchina. Anza na Geita. Dunia ya mtoto huyu ina mtu mmoja aliye nyuma ya mlima na mtu huyo ni baba yake, sasa wewe unakimbilia wapi? Asubuhi kabla jua halijawa kali, toka naye uani, mchoree njia mchangani kwa kijiti. Huku ni nyumbani. Weka jiwe: Bahi. Jiwe: Manyoni. Jiwe: Singida. Halafu Nzega, Kahama, Geita. Mpe kizibo cha soda, hilo ndilo basi. Aliendeshe, apige honi, ashushe abiria, akwambie Singida watu wamenunua nini dirishani (kuku na mafuta ya alizeti, kama huko hujapita). Usimsahihishe umbali kati ya jiwe na jiwe. Kitu kimoja tu angalia: kijiti kielekee jua linakozama, maana Bahi na Manyoni ziko huko. Akijua kwamba jua linatoka upande wa Morogoro na kulala upande wa Bahi, ameshapata dira na hujanunua chochote.

Tatu, bahari. Hapa usiwe na haraka, maana ndipo ulipokwama.

Chukua maji ya vuguvugu kikombe kimoja, mpe kijiko cha chumvi akoroge mwenyewe mpaka chembe zisionekane. Muulize chumvi imekwenda wapi. Wengi wangu walikuwa wanasema imekufa. Aonje tone moja kwenye ncha ya kidole, akunje uso, umwambie: bahari yote iko hivi, ndiyo maana watu wa pwani nao wanachota maji ya kunywa kisimani na bombani kama sisi. Halafu mimina maji hayo kwenye sinia au mfuniko wa ndoo, yawe membamba kabisa kama karatasi, uweke juani, ufunike na kipande cha neti vumbi lisiingie. Kwa upepo wetu huu wa Juni, kesho yake au keshokutwa maji yamekwenda, na chumvi imerudi imekaa nyeupe kwenye sinia. Mtoto anayeiona mara ya kwanza anapiga kelele. Ndipo unamwambia kuwa Bagamoyo wako watu kazi yao ndiyo hii: wanaingiza maji ya bahari kwenye mabwawa mapana yasiyo na kina, jua linayanywa maji, wao wanabaki kukwangua chumvi. Anakuwa ameifanya kazi ya mtu ambaye hajawahi kumwona. Mimi nilikuwa nalitumia hilo sinia wiki nzima, kila siku kuna la kuuliza.

Mawimbi fanyeni kwenye beseni, apulize mwenyewe, kizibo kiwe meli.

Nne, na hii ndiyo sababu nimejibu usiku huu: umesema wewe ni fundi. Basi dunia umeiweka chini ya meza. Nguo za mitumba wanazokuletea kupunguza, zile lebo za shingoni na ubavuni unazozikata unatupa wapi? Usitupe. Weka kopo. Bangladesh, Vietnam, Uturuki, India, Uchina, zote utazipata ndani ya wiki moja. Hajui kusoma, sawa, lakini jicho lake linajua kufananisha. Mwambie atafute mbili zinazofanana maandishi, aziweke pamoja. Akikuletea rundo, wewe msomee tu: "Hizi shati zake zilishonwa Bangladesh. Kule kuna fundi kama mama, naye ana mkasi na ana meza." Mwenzetu BabaPacha, hapo mtoto anazoea herufi bila kuchapwa, kwa hiyo usiogope, *m* yako ipo.

Ila lebo inakwambia nguo ilikoshonwa, haikwambii pamba ilikolimwa. Hiyo ni hadithi nyingine, na kwa huyu mwenye baba Geita ni hadithi nzuri, lakini mwacheni aifikie mwenyewe.

Tahadhari zangu mbili. Vifungo na shanga mbali na mdomo. Na usimfundishe kwamba kuna nchi za watu wenye vitu na nchi za watu wenye wanyama. Nimekuta watoto wa miaka mitano wanaamini Ulaya hakuna anayefagia. Kila nchi unayomtajia, mtajie mtu anayefanya kazi anayoijua: anayepika, anayeuza maziwa, anayebembeleza mtoto.

Vya sokoni hata sikufundishi, unavijua. Kitunguu cha Singida, karafuu ya Pemba, dagaa wa ziwani. Kila kinachotoka kwenye kapu kina kwao, mwache aseme kwao ni wapi kabla hakijaingia sufuriani.

Fundi_Changombe

Shikamoo mwalimu. Nimesoma mara mbili. Hapo kwenye Geita nimeacha cherehani kidogo.

Lebo nimekuwa nazifagia miaka sita!

Mwalimu_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Kafagie tena, ila leo usitupe.

Dereva_wa_Tunduma

Naongezea ya barabarani, kwa sababu mimi ndiye huyo baba aliye nyuma ya mlima. Naendesha lori la mizigo, mara nyingi Dar kwenda Lubumbashi, familia iko Nzuguni. Mwanangu ana miaka mitano.

Kwanza Kibajaji, Nala ni upande wa jua linakozama. Uchina iko jua linakochomoza. Umempeleka mtoto wa watu Singida.

Sisi kwetu dunia imeingilia kwenye saa. Ukitoka Tunduma ukavuka mpaka kuingia Nakonde, Zambia, unaweza kumrushia mtu jiwe upande wa pili, lakini saa inarudi nyuma saa nzima. Kwetu saa moja asubuhi, kwao saa kumi na mbili. Mke wangu alikata sahani mbili za karatasi, akachomeka mishale kwa pini, moja saa ya mama nyingine saa ya baba. Nikivuka napiga simu, dogo anasogeza mshale wangu nyuma. Kusoma saa hajui bado, anajua tu kwamba baba yuko nyuma yake kwa mshale mmoja, na mimi nikirudi Tunduma "nimemfikia". Nikiwa Kongo kule Lubumbashi saa ni ile ile ya Zambia, kwa hiyo mshale hauguswi. Analalamika, anataka kila nchi iwe na yake.

Usiku umeme ukikatika mama yake anachukua chungwa na tochi ya simu. Punje ya haragwe imebandikwa kwa gundi, hiyo ni Nzuguni. Anazungusha chungwa polepole. Punje ikiingia kwenye mwanga ni asubuhi, ikienda nyuma ni usiku. Nyuma kabisa ya punje ndiko kuna watoto wengine wanaolala wakati yeye anacheza. Chungwa huliwa mwishoni, sayari yetu haikai.

La tatu ni ugali. Huu mchezo tuliuanzisha mezani. "Leo tunakula wapi?" Akisema Zambia, ugali unaitwa *nshima*. Malawi *nsima*. Uganda *posho*. Zimbabwe *sadza*. Lubumbashi *bukari*, na huko mnashangaa, watu wanaongea Kiswahili, chao kina ladha yake lakini mtasikilizana. Ni ugali ule ule wa mahindi, wewe hujapika kitu kipya. Mwanangu siku moja aligoma kula *posho* akasema anataka *sadza*. Mama yake alimgeuzia sahani upande wa pili, akala.

Na kuna moja ambalo alilikataa kabisa. Nilimwambia Kongo magari yanapita kulia. Tanzania na Zambia tunapita kushoto, ukivuka Kasumbalesa unahamia kulia. Akasema, "Watagongana." Nikamwambia wote wanapita kulia. Akachukua magari yake ya makopo, akayapanga, akayaendesha nusu saa nzima ndipo akakubali. Mimi ningemweleza kwa maneno mpaka leo tungekuwa tunabishana.

Halafu hiyo barabara inayopita hapo mjini kwenu, ya kutoka Iringa kwenda Kondoa, ni kipande cha njia ya Kairo mpaka Cape Town, kama kilomita 10,000. Siku mnasubiri bajaji pembeni yake mwambie tu: hii ukiifuata huku bila kukunja unafika Misri. Wangu anaipungia mkono kila akiiona.

Mkondoa_Halisi

Mmesahau mlango wa pili hapa hapa mkoani. Michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006. Mimi mjukuu wangu nilimpondea udongo mwekundu, nikachanganya na mafuta kidogo, akachora kwa kidole juu ya jiwe bapa. Kachora twiga, kachora mimi. Nikamwambia watu wa zamani sana walifanya hivi kwetu, na wengine Ufaransa walifanya hivi kwenye mapango, wakachora ng'ombe na farasi, na hawakuwahi kuonana. Akaniuliza nani alimwigilizia mwenzake. Mpaka leo anaamini ni Wafaransa waliotuigiliza sisi, na mimi sina mpango wa kumrekebisha.

BabaPacha

Haya, nimenyanyua mikono kidogo. Lakini kama ni bahari, si umpeleke tu akaione? Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwaka 2024 watu wanakwenda Dar asubuhi, jioni wako nyumbani. Niliwapeleka wangu Desemba. Tulikaa Kigamboni siku mbili, wakaoga, wakala mihogo ya kukaanga. Kurudi nyumbani bibi yao akawauliza mmeona nini? Wote wawili kwa sauti moja: "Handaki!" Yale mahandaki ya kule Kilosa. Bahari hawakuitaja kabisa, na mimi nauli niliitoa kwa ajili ya bahari.

Mwalimu_Mstaafu

BabaPacha umenichekesha. Ndiyo hivyo. Mtoto haoni ulichomlipia, anaona kilichomstua.

Nilisahau jambo, na kwa sasa halifai ila mliweke akilini. Mbayuwayu. Wako wanaotoka Ulaya, baridi ikianza kule wanashuka kuja kwetu, wanakaa msimu wetu wa mvua wakila wadudu, halafu wanarudi kuzaa. Na korongo weupe vile vile. Sasa Juni wako kwao wana makinda. Mvua zikikaribia mwisho wa mwaka, mtoe mtoto jioni aangalie juu ya nyaya za umeme. Huyo ni mgeni aliyekuja bila basi. Darasani kwangu tulikuwa tunawasalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi!", kwa sababu mgeni anasalimiwa kwa lugha ya mwenyeji.

Fundi_Changombe

Nimerudi na ripoti ya siku tisa. Kuna yaliyokwenda na kuna yaliyonigharimu.

Njia ya Geita. Mwalimu ulisema mawe, mimi siku hiyo nilikuwa nachambua karanga, nikaweka karanga. Kosa. Nimeingia ndani kupokea simu ya mteja, natoka nakuta Singida haipo. Namuuliza Singida iko wapi, anatafuna. Manyoni walikuwa wameshaimaliza kuku wa jirani. Tulipanga upya kwa mawe, na hapo tulikaa. Kila asubuhi sasa basi la kizibo linatoka, na kuna abiria mmoja tu, mfungo wa zipu uliokatika, anaitwa Baba. Hafiki mapema. Anashuka kila kituo kununua kitu.

Chumvi. Jamani ile chumvi! Niliweka sinia juu ya paa la banda la kuku saa nne asubuhi, kesho yake saa nane mchana nikamshushia. Alisimama, akaweka mikono kichwani kama mtu aliyeibiwa. "Imerudi!" Akaenda kuita watoto wa jirani wote. Tumeirudia mara nne, na sasa ameanza biashara yake: ameweka sukari. Nimemwacha. Sukari imegeuka uji wa kunata, sisimizi wakaja mstari mzima, na yeye akahitimisha kwamba bahari ya sukari haipo kwa sababu sisimizi wangeimaliza.

Lebo ndizo zimeniletea kesi. Kopo limejaa, anazijua kwa sura: Bangladesh anaitambua kwa urefu wake, Uchina kwa herufi ya kwanza anayosema imekaa kama sikio. Nikafurahi, nikajisahau. Ijumaa mteja kaleta suruali mpya ya mumewe, ya dukani, nipunguze miguu tu. Sijui nimegeuka saa ngapi, mtoto kachukua mkasi mdogo, kakata lebo yote, yenye nchi na namba ya saizi. Mteja alinifokea kisawasawa, anasema mumewe atadhani kauziwa mtumba. Nimeishona upya kwa mkono, haionekani, ila nimempunguzia elfu mbili. Ilikuwa Uturuki. Hatukuwa na Uturuki nyingi, ndiyo maana.

Ya saa na chungwa bado, umeme haujakatika. Mara ya kwanza katika maisha yangu nausubiri ukatike.

Sasa swali, mwalimu. Jana kaniuliza, "Nguo inatoka Bangladesh. Na uzi?" Nikaangalia uzi wangu mweusi, karatasi ya juu imechanika, haisomeki. Nikamwambia uzi unatoka kwenye pamba. "Pamba inatoka nchi gani?" Nikakumbuka maneno yako, nikanyamaza.

Mwalimu_Mstaafu

Amefika mwenyewe, umeona. Hakuna karanga hapo.

Pamba inalimwa Geita. Na Shinyanga, na Simiyu, ukanda ule wote wa ziwa. Tena Juni hii ndiyo wanavuna. Mpigie baba yake sasa hivi, akirudi mwisho wa mwezi aje na tumba moja la pamba lenye mbegu zake ndani. Moja tu, mfukoni. Muulize mtoto anadhani hilo tumba linakuwaje uzi, msimwambie. Mwache alivute vute kwa vidole, alisokote juu ya paja.

Baadaye kabisa, kama atauliza, mwambie pamba yetu sehemu kubwa inauzwa nje ikiwa bado haijawa kitambaa, nchi za Asia nazo zinanunua. Ile Bangladesh ya kwenye kopo ni mojawapo ya nchi zinazonunua pamba dunia nzima ili kushona. Kwa hiyo shati linaweza kuwa limetoka kwa jirani wa baba, limekwenda huko, limeshonwa, limevaliwa na mtu mwingine, likarudi kwako kupunguzwa mabega. Sisemi limefanya hivyo. Linaweza.

Fundi_Changombe

Mwisho wa mwezi umefika, baba mtu yuko hapa, amelala.

Alishuka stendi saa nne usiku. Binti alikataa kulala. Hakuuliza zawadi wala biskuti. Alimwambia, "Lete pamba," kama askari wa barabarani anayeomba leseni. Mzee katoa tumba mbili mfukoni mwa koti, moja imepondwa na safari. Alikaa nayo chini ya taa akatoa mbegu moja moja, akazihesabu (BabaPacha, alifika kumi na nne bila kuruka). Halafu akaanza kusokota juu ya paja. Uzi ukatoka, mnene kama mkia wa panya, urefu wa kiganja. Akautia kwenye sindano yangu kubwa ukakatika. Akasokota tena ukakatika. Mara ya tatu akashona nao mshono mmoja kwenye kitambaa chakavu, akampa baba yake aweke mfukoni.

Nikaona nimwambie ile safari ya shati, maana aliuliza pamba nyingine inakwenda wapi. Nilimweleza taratibu: Geita, halafu treni au lori, halafu meli, halafu Uchina au Bangladesh, halafu fundi, halafu duka, halafu mtumba, halafu mama. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kitu ambacho hakijawahi kutokea humu ndani.

Asubuhi hii nimetoka nikamkuta uani, ameongeza jiwe kwenye njia. Namuuliza hili la mwisho ni wapi? "Uchina." Ameliweka nyuma ya Geita. Nimemwambia Uchina iko upande wa pili, jua linakotoka. Akasema basi haliwezi kugeuka, limejaa pamba.

Kibajaji

Nyuma ya Nala, nilisema.